Mbwa wa miezi mitano, mafundi, na ploti ya Kiamunyi: kazi ipi itangulie?

Swali: Mwalimu mmoja mstaafu wa Kiamunyi, Nakuru, ana ploti ya futi 50 kwa 100, nyumba ya mawe ya miaka mingi, na mbwa wa miezi mitano, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji. Amepanga kazi tano: kurekebisha ua wa chenlinki wa futi tano, kujenga kibanda cha mbwa, kuweka gata na tangi la lita 5,000, kubandika tailsi kwenye veranda, na kupaka rangi milango na madirisha. Mbwa anachimba chini ya ua na kutoroka, na ameshatafuna fremu ya mlango wa jikoni na waya wa redio. Fundi anataka waanze na rangi na tailsi kwa kuwa ndizo zinazoonekana. Jirani anasema mbwa afungwe mnyororo hadi kazi iishe. Tena shambani kuna fuko, na mwalimu anauliza kama anaweza kuwawekea dawa.

Jibu:

Mwalimu, fundi wako anapanga kazi kwa macho ya mgeni atakayeingia getini. Wewe ipange kwa meno ya mbwa. Ninakushauri hivi: kwanza kiwanja kidogo cha mbwa chenye sakafu ya konkriti, na kibanda ndani yake, pili ua, tatu gata na tangi, kabla mvua ya masika haijaanza Machi, nne veranda. Rangi ya milango iwe ya mwisho kabisa, si chini ya miezi mitano kutoka leo.

Sababu iko kinywani mwake. Mtoto wa mbwa huwa na meno 28 ya utotoni. Akifika kama miezi minne yanaanza kung'oka, na kufikia miezi saba huwa ameota 42 ya ukubwani. Wako yuko katikati ya hali hiyo sasa: fizi zinamwasha, na ubao wa saiprasi wa fremu yako ni laini, unamfaa. Hata meno yakishatulia, mbwa wa aina hii huendelea kutafuna mpaka atimize mwaka au apitishe kidogo. Ukipaka mlango mwezi huu, utaupaka tena, na kati ya mara hizo mbili yeye atakuwa amemeza maganda ya rangi.

Kwa leo, chukua taulo kuukuu, liloweshe maji, likaze fundo na uliweke kwenye friza usiku. Asubuhi mpe alitafune ukimwangalia, likilainika lirudishe. Karoti nzima iliyopoa nayo inafaa. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, usimpe: hupasuka vipande vyenye ncha. Waya zilizo sakafuni zipitishe ndani ya bomba la PVC la milimita 20, lile lile mafundi wa stima wanalotumia ukutani, na soketi izimwe kila unapotoka chumbani. Fremu iliyokwisha tafunwa usiizibe na pati sasa. Ipigilie kipande cha mbao chakavu juu yake, akitafune hicho.

Ushauri wa mnyororo uache. Mbwa wa umri huu akifungwa kutwa katikati ya watu asiowajua, grainda ikilia na mbao zikidondoka, na yeye hana pa kukimbilia, hujifunza jambo moja: mtu mwenye kifaa mkononi ni adui. Hilo halimtoki. Akifika mwaka na nusu, kilo 30, atamrukia msoma mita na fundi wa bomba. Ndiyo maana kiwanja kinatangulia kila kitu, hata ua. Ukishakuwa na mahali pamoja ambapo mbwa anatulia salama, fundi yeyote anaweza kuingia siku yoyote bila ugomvi.

Sasa kiwanja chenyewe. Mita 4 kwa mita 2 zinamtosha kupumzika saa chache, hata akikua. Udongo wa Nakuru mwingi umetokana na majivu ya volkano ya Menengai. Ni mwepesi, umejaa mianya, na ukipata maji mengi kwa mara moja hushuka ghafla. Jaribu mwenyewe: chimba shimo la kina cha goti, mimina ndoo mbili za maji, rudi baada ya nusu saa uone kingo zilivyomomonyoka. Konkriti ikimwagwa moja kwa moja juu ya udongo kama huo itapasuka masika ya kwanza, na mkojo utaingia ufani ukae humo ukinuka.

Kwa hiyo ondoa udongo wa juu sentimita 20. Nyunyizia maji kiasi, ushindilie hadi kishindilio kianze kuruka badala ya kuzama. Jaza mawe ya msingi sentimita 15 na uyashindilie pia. Agiza mita za ujazo moja na nusu, kwa sababu yakishindiliwa hupungua. Tandaza maramu nyembamba juu ya mawe ili yasitoboe, kisha karatasi nzito ya nailoni, kisha konkriti ya sentimita 10.

Konkriti hiyo itakula mifuko 5 ya simiti ya kilo 50, kwa kipimo cha 1:2:4. Usikubali kupimiwa kwa sepeto. Sepeto moja hujaa, nyingine haijai. Tumia ndoo ya lita 20: kila mfuko mmoja, ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo 7 za kokoto. Maji ni kama lita 25 kwa mfuko, na yapungue kama mchanga una unyevu. Vijana wa kuchanganya hupenda kuongeza maji ili konkriti iteremke yenyewe kutoka kwenye wilbaro. Ikiteremka kama uji, imeshaharibika: itatoa vumbi miaka yote na kumenyeka juu. Inatakiwa isimame kilima kidogo inapomwagwa, kisha isambazwe kwa mkono.

Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea bustanini, kamwe usielekee ukuta wa nyumba. Kwenye upana wa mita 2 hiyo ni tofauti ya sentimita 4; ipime kwa pimamaji na ubao mrefu kabla ya kumwaga. Ikianza kukauka, usiipige simiti laini ya kung'aa. Ipitishie ufagio mara moja, kwa upande maji yanakoelekea. Mikwaruzo hiyo ndiyo itakayomzuia kuteleza na ndiyo itakayopeleka maji nje. Isiwe mikali kama ya zizi la ng'ombe, maana itamla nyayo.

Mwagilia maji asubuhi na jioni kwa siku 7, ukiifunika magunia. Siku hizo zote mbwa asikanyage. Simiti mbichi ni kali kama magadi makali sana: huunguza ngozi polepole bila kuuma mara moja, kisha mbwa analamba nyayo na ulimi unaungua. Akikanyaga, mwoshe kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 15, hadi katikati ya vidole. Usitumie siki wala limau kuizimua.

Faida ya sakafu hiyo si usafi wa macho tu. Vumbi kavu lenye kivuli, kama lile la chini ya stoo, ndiko funza na viroboto wanakozaliana, na funza humwingia mbwa kwenye nyayo kama wanavyotuingia sisi. Konkriti unaifagia kila siku na kuiosha. Mara moja kwa wiki tumia dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji. Iache dakika kumi, suuza vizuri, mrudishe mbwa ikishakauka.

Kuta za kiwanja ziwe za weldimeshi, ule wavu mgumu wa chuma wa miraba, kimo cha mita 1.8. Mlango ufunguke kwenda ndani, ili akiuegemea aufunge badala ya kuufungua. Komeo liwe la kusukuma lenye pini. Komeo la kunyanyua mbwa mwerevu hulifungua kwa pua ndani ya wiki mbili.

Kibanda kikae ndani ya kiwanja, upande wa juu wa mteremko. Kijenge kwa kipimo cha mbwa mkubwa, si cha huyu wa leo: urefu wa ndani sentimita 120, upana 80, kimo 85. Mlango usizidi sentimita 40 kwa 60, tena uwe pembeni, si katikati, ili upepo ukiingia usimkute moja kwa moja alipolala. Upime upepo kwa kuangalia ukuta wa nyumba ambao mvua huuchapa zaidi, na mlango uangalie kwingine. Kiinue sentimita 15 kwa mawe manne, nafasi ya chini ionekane wazi. Mchwa wakianza kujenga njia yao ya udongo utaiona na kuivunja kwa kidole. Mabati matupu hayatoshi. Usiku wa Julai hapa ni baridi, pumzi ya mbwa hugonga bati na kumdondokea ikiwa maji, na saa saba mchana bati hilo hilo ni kikaango. Weka dari ya plaiwudi chini ya bati, mwanya wa sentimita 5 katikati. Paa liwe la kufunguka kwa bawaba upande mmoja. Mgongo wako utashukuru siku ya kusafisha.

Mbao za kibanda usizipake oili chafu ya gari wala dawa nyeusi ya nguzo. Ndivyo watu wengi wanavyofanya, na ndivyo mbwa wanavyougua: oili ya injini iliyotumika ina madini mabaya, ile dawa nyeusi huunguza ngozi, na huyu atatafuna kila ukingo. Nje paka rangi ya maji, ndani acha mbao tupu. Ukingo wa mlango uuvike kipande cha bati kilichokunjwa ncha, na upitishe kiganja ndani yote kabla hajaingia, pole pole. Msumari uliochomoza milimita mbili hauonekani kwa macho, lakini kiganja kitauona.

Tuje kwenye ua. Kabla ya kuziba shimo lolote, soma mashimo. Shimo lililo chini ya waya kabisa ni la kutoka. Shimo pana la kina kifupi, chini ya mti au kando ya ukuta wenye kivuli, ni la kujipoza tumbo. Mfereji mrefu uliofuata vilima vidogo vya udongo katikati ya sukuma wiki ni wa kuwinda fuko. La kwanza tu ndilo linalohusu ua. La pili litaisha ukimpa kivuli. La tatu nitalifikia.

Kwa shimo la kutoka, watu wengi huchimba mtaro na kumwaga simiti chini ya ua wote. Ni gharama kubwa, na katika udongo wetu mbwa mwenye bidii atapita chini yake, maana majivu hayachoshi kuchimba. Kinachofanya kazi ni sketi ya wavu. Mbwa huanza kuchimba pale pale waya unapokutana na ardhi, na akigusa chuma chini ya kucha hurudi nyuma nusu hatua na kujaribu tena. Hana akili ya kurudi nyuma hatua nzima. Wavu uliolala sentimita 50 kuelekea ndani unamshinda kwa sababu hiyo.

Ploti yako ina mzunguko wa futi 300. Toa geti la futi 12, zinabaki 288, ambazo ni kama mita 88. Nunua weldimeshi iliyopakwa zinki, rola ya upana wa mita 1.2, uikate katikati kwa urefu upate vipande viwili vya sentimita 60. Kwa hiyo mita 44 za rola zinatosha ua wote. Wavu wa kuku usikudanganye kwa bei. Ni mwembamba, huoza upesi na kucha hunasa. Kunja kila kipande juu ya ukingo wa ubao: sentimita 10 zisimame, 50 zilale. Zilizosimama zifunge kwenye chenlinki kwa waya wa kufungia nondo, kila sentimita 20, ncha zielekee nje. Kilo 2 za waya zinatosha. Zilizolala zizike sentimita 5 tu.

Zikamate ardhini kwa vigingi vya umbo la U, kila sentimita 60. Kigingi kifupi huchomoka kwenye majivu kama mshumaa kwenye keki, kwa hiyo miguu yake iwe ya sentimita 35. Nondo ya milimita 8 yenye urefu wa mita 12 hutoa vigingi 16, nawe unahitaji kama 150, yaani nondo 10. Kama fedha hazitoshi kwa mara moja, anza na kona na pande mbili za geti, kisha ile sehemu inayopakana na jirani mwenye kuku. Panda nyasi juu yake. Mizizi ikishapita kwenye miraba, wavu na ardhi vinakuwa kitu kimoja.

Sehemu moja tu ndiyo inayohitaji konkriti: chini ya geti. Hapo magari na nyayo huchimba ardhi bila msaada wa mbwa. Mwaga kizingiti chenye urefu wa futi 12, upana sentimita 30, kina sentimita 20. Mfuko mmoja na nusu wa simiti, ndoo 5 za mchanga na 10 za kokoto. Nafasi kati ya kizingiti na geti isizidi sentimita 5. Kichwa kikipita, mwili wote hufuata.

Sukuma kila nguzo ya mtarakwa kwa bega. Ikicheza, imeoza pale inapotoka ardhini. Badilisha hiyo peke yake, shimo la sentimita 60, na konkriti ya juu iwe na mgongo ili maji yasisimame kwenye nguzo. Futi tano zinatosha kwa sasa, lakini angalia kilichoegemezwa: rundo la mawe au kuni karibu na ua ni ngazi. Seng'enge chini ya ua usiweke; humchana ngozi na haimzuii.

Siku mafundi wapo, hatari kubwa si kelele. Ni vitu vidogo. Msumari wa mabati na washa zake, vile viduara vya chini ya kichwa cha msumari, vina zinki. Mbwa akimeza, tindikali ya tumbo huyeyusha zinki hiyo na damu yake huanza kuharibika. Dalili ni kutapika, kukosa nguvu, fizi kuwa nyeupe au za manjano, mkojo wa rangi ya chai. Hiyo ni safari ya daktari wa mifugo siku ile ile, maana msumari lazima utolewe. Dawa ya kuzuia ni rahisi: tafuta sumaku ya spika mbovu, ifunge kamba, na kila jioni mafundi wakiondoka ikokote polepole pale walipofanyia kazi, ukienda na kurudi kama unayefagia. Itarudi na ndevu za misumari, vipande vya waya na vumbi la grainda. Fanya hivyo kabla ya kumfungulia mbwa, si baada.

Kingine ni chakula cha mafundi. Magunzi ya mahindi ya kuchoma ndiyo mabaya kuliko yote: mbwa humeza kipande kizima kwa sababu ya utamu, hakimeng'enywi, na huziba utumbo. Dalili ni kutapika kila anachokula na kukosa choo. Weka ndoo yenye kifuniko, uwaambie mafundi wazi kwamba magunzi, mifupa na mabaki yenye vitunguu vinaingia humo. Watakuelewa ukieleza sababu.

Rangi ya mafuta, tapentaini na mafuta ya taa vikimmwagikia, usimsafishe kwa petroli wala thina. Paka mafuta ya kupikia, futa kwa kitambaa, kisha sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu. Palipogandamana kata manyoya. Akimeza, usimlazimishe kutapika, kwa kuwa kikipanda kinaweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo huua. Maziwa na mayai mabichi, ambayo kila jirani atakuletea, hayaondoi sumu. Chukua kopo lenye jina la kitu alichomeza na umpeleke kwa daktari.

Na kabla ya fundi wa kwanza, angalia kitabu cha chanjo. Virusi vya parvo, ugonjwa wa kuhara damu unaoua mbwa wachanga, hukaa ardhini miezi mingi, na buti iliyotoka kwenye boma jingine huvileta kwako. Chanjo za parvo na distempa, ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa, lazima ziwe zimekamilika, ya mwisho ikiwa imetolewa akiwa na wiki 16 au zaidi. Ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kama daktari atakavyokuandikia. Akimng'ata fundi, hata kwa mchezo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo, mbwa awe amechanjwa au la.

Mtambulishe kwa mafundi siku moja kabla: yeye akiwa kwenye kamba, wao wakimrushia vipande vya chakula kutoka mbali bila kumkodolea macho. Grainda ianze akiwa mita 20, anakula. Kazi yenye kelele ipange saa tatu hadi saa tano asubuhi. Mbwa wa umri huu hulala saa 15 hivi au zaidi kwa siku. Akishakula saa moja na kutembezwa kama dakika 25, saa tatu atasinzia mwenyewe kiwanjani. Nawe tumia saa hizo hizo kwa kazi yako ya mkono. Mfuko wa kilo 50 usiuinue: ukate pale ulipotuliwa, ubebe kwa ndoo nusu nusu. Ngazi usipande mbwa akiwa amefunguliwa; mkia na bega lake vinatosha kuisogeza.

Gata ni kazi fupi. Paa la mita za mraba 80 hutoa karibu lita 68 kwa kila milimita moja ya mvua, ukitoa kinachopotea. Mvua ya milimita 75 itakujazia tangi lote. Mteremko wa gata ni nusu sentimita kwa kila mita, vishikizo kila sentimita 60 hadi 90. La maana zaidi ni bomba la kufurikia: lipeleke maji mita 3 au zaidi kutoka ukutani. Kwenye udongo wa majivu, maji yanayomwagika mahali pamoja kando ya msingi ndiyo yanayoanzisha nyufa za kuta.

Veranda, chagua tailsi zenye uso mkavu, zisizong'aa. Tailsi laini hufanya miguu ya nyuma ya mbwa mchanga ifunguke nje kila anapogeuka, na nyonga za German Shepherd tayari ni dhaifu kwa asili. Zikilowa zitakuangusha hata wewe. Mteremko sentimita 1 kwa mita kwenda nje. Gundi yake nayo ina simiti, kwa hiyo mbwa akae kiwanjani hadi siku mbili baada ya kujaza viungo.

Rangi ikifika zamu yake, kumbuka nyumba ni ya zamani. Rangi ya mafuta ya miaka hiyo huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa mbwa na kwa wajukuu. Msasa utumike ukiwa na maji, si mkavu. Tandaza nailoni chini, kusanya maganda yote, futa kwa kitambaa kilicholowa. Usifagie.

Na fuko. Hapana, Mwalimu, usiweke sumu yoyote. Chambo chenye sumu kikiwekwa kwenye tundu, mbwa huyu ambaye tayari anafuata njia za fuko kwa pua atakifukua. Vile vidonge vinavyotoa gesi ndivyo vya hatari zaidi: vikikutana na unyevu wa udongo hutoa hewa inayoua mbwa na mtu, na akivimeza hakuna dawa ya kuvipoza. Mwite mtegaji wa fuko anayetumia mtego wa waya na mti wa kupinda. Siku za mtego mbwa akae kiwanjani, na mwisho wa siku hesabuni mitego pamoja, iliyowekwa na iliyotolewa. Kwa kuchimba kwake kwa furaha, mtengee pembe moja ya mita 1 kwa 1.5. Ijaze mchanga uliobaki kwenye ujenzi, zika karoti au kipande cha nyama mle kila asubuhi kwa wiki mbili, sentimita 10 chini. Akianza kuchimba kwenye sukuma wiki usimkemee. Mwite tu, umpeleke pale, ukwaruze mchanga kwa mkono wako hadi aanze naye.